Akiba Ndani ya Mshono

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaninunulia daftari hili. Anasema mtu asiyesema bora aandike, la sivyo atapasuka. Yeye ndiye msemaji wa nyumba hii. Mimi ni fundi cherehani, na mdomoni mwangu huwa mna pini.

Leo ni mionzi ya kwanza kati ya thelathini na saba. Ni saratani ya tezi dume. Neno lenyewe nimeweza kuliandika, kulitamka mbele ya watu bado. Masharti ni haya: uende haja kubwa kabla ya kutoka nyumbani, unywe vikombe vitatu vya maji saa moja kabla ya zamu yako, halafu ujizuie. Kibofu kikijaa, utumbo unasogea pembeni na mionzi haiuunguzi sana. Unalala chali, wanakupanga kwa kufuata nukta tatu za wino usiotoka, moja chini ya kitovu na mbili nyongani. Miaka arobaini nachora nguo za watu kwa chaki. Sasa nimechorwa mimi, na alama zangu hazifutiki kwa brashi.

Mtaalamu wa mionzi ni msichana mpole, nimempa jina la Binti wa Mashine. Akaniambia, "Baba, usitikisike. Pumua kawaida tu." Wakatoka wote, mlango mzito ukafungwa, mashine ikanizunguka. Haikuuma, wala sikusikia joto. Nilitegemea maumivu na nilikuwa nimejiandaa nayo, kwa hiyo nimerudi nyumbani na ujasiri wangu wote bila kujua niuweke wapi.

Mvua za msimu zimeanza nikiwa njiani.

Jumanne, 4 Machi

Ya pili. Nimejizuia mpaka meno yakauma.

Alhamisi, 6 Machi

Chumba cha kungojea kina mabenchi mawili, pipa la maji ya kunywa na choo kimoja. Wanaume tumekaa tumebana mapaja kama watoto waliosahau kuomba ruhusa. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyetupangia utaratibu: mtu akiingia kwa mashine, wa nne nyuma yake anaanza kunywa. Ukinywa mapema utaaibika, ukichelewa watakurudisha benchi. Kwa hiyo kila mlango ukifungwa, Mwalimu anatangaza, "Wa nne, kunywa." Hata wagonjwa wapya hawaulizi, wanakunywa.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu amepiga simu, kama kila Jumapili. Kazi yake ni kufunga nyaya za umeme kwenye nguzo, huko mbali. Akasema, "Baba, mbona sauti imechoka?" Nikasema mafua. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akaninyanyulia macho, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Mtu aliye juu ya nguzo haambiwi habari mbaya.

Jumatano, 12 Machi

Ya nane. Sindano ya homoni niliyochomwa kabla ya mionzi inaniletea joto la ghafla. Leo nimelowa chapachapa nikiwa nimekaa tu napindia shuka. Mke wangu akasema, "Pole. Mimi nililibeba miaka minne hedhi ilipokatika, na dawa yako ilikuwa kuniambia nifungue dirisha."

Nimekwenda kufungua dirisha.

Ijumaa, 14 Machi

Ya kumi. Mkojo unachoma, na kila nusu saa unaniita. Nimeacha suruali ya mteja mguu mmoja.

Jumapili, 16 Machi

Mwanangu. Mafua.

Jumanne, 18 Machi

Mashine imeharibika tukiwa sita benchini, watatu tumeshajaa maji mpaka kooni. Binti wa Mashine akatoka na uso wa mtu aliyeunguza chakula cha wageni. "Wazee wangu, samahani. Mpaka keshokutwa." Mwalimu akakunja gazeti lake, akatangaza, "Wa nne, kojoa." Tulicheka, watu wazima wenye mvi, tumepanga foleni kwenye mlango wa choo, mmoja anamsihi mwenzake asimchekeshe. Sijacheka hivyo tangu mwaka jana.

Jumatano, 19 Machi

Mashine bado. Mvua mchana kutwa, hakuna mteja. Nimefungua kopo la vifungo kutafuta kifungo cheusi, nikakutana na ile barua ya daktari. Nimemwagia vifungo juu yake.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nitaandika sana.

Chumba kilijaa kwa sababu ya siku mbili zilizopotea. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume ameshika ukuta, mkono wa pili ameshikwa na kijana wa makamo. Nilitazama suruali kwanza, ni mazoea ya kazi. Kiuno kimekunjwa mara mbili chini ya mkanda, na mkanda umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Nikajiambia, huyu amepungua inchi nne kwa muda mfupi. Ndipo nikapandisha macho nikaona ni mdogo wangu.

Miaka kumi na mmoja hatujasemezana. Baba yetu alipokuwa anakufa, kwa ule ugonjwa tuliouita wa mkojo kwa kuwa hakuna aliyetaka kujua jina lake, mdogo wangu alikuwa safari ndefu na lori. Baba alinishika shati akaniambia, "Usimwambie mdogo wako. Atakimbiza gari, atapinduka." Nikatii. Mdogo wangu alifika siku ya tatu baada ya maziko. Alisimama mlangoni akaniambia, "Umeninyima hata kumshika mkono." Akageuza lori. Ndiyo maneno ya mwisho niliyokuwa nayo kutoka kwake mpaka leo.

Nafasi iliyobaki ilikuwa pembeni yangu. Akakaa kwa awamu, kwanza mkono, halafu nyonga, halafu pumzi.

"Kaka," akasema.

"Mdogo wangu."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Tezi?"

"Tezi."

Akatikisa kichwa. "Kumbe mzee hakutuacha mikono mitupu."

Benchi zima likacheka. Ndivyo alivyo, tangu utotoni. Anaingia chumba cha watu asiowajua na baada ya dakika moja ni chake. Akaniuliza nimeandikiwa mionzi mingapi. Nikasema thelathini na saba. Akapiga mluzi. "Pole sana, kaka. Mimi tano tu. Kumbe wewe ndiye mgonjwa."

Mwalimu alishusha gazeti, akanitazama, akalipandisha. Tuliokaa hapa wiki tatu tunajua hesabu hiyo. Thelathini na saba hupewa mtu wanayetaka kumponya. Tano hupewa mtu ambaye saratani imeshaingia mifupani, ili maumivu yatulie. Yeye hata hakuambiwa anywe maji; ni mgongo wanaoupiga.

Akaendelea kusimulia. Mgongo ulianza miaka miwili iliyopita. Akausingizia kiti cha lori. Amebadilisha mito mitatu, amekandwa na kila mtu mwenye viganja, amemeza vidonge vya maumivu kama karanga. "Miaka miwili, kaka, nagombana na kiti."

Sasa niandike lililobaki, maana daftari ndilo linaloweza kuambiwa. Mimi niligunduliwa miaka miwili na mwezi mmoja iliyopita. Wakati huo kauvimbe kalikuwa kadogo, wakasema tuangalie kwanza. Daktari akanipa barua, akaniambia, "Huu unatembea katika familia. Ndugu yako wa kiume apimwe damu haraka, na watoto wenu wa kiume wakifika arobaini." Nikarudi nayo nyumbani. Nikasema nitamtafuta wiki ijayo. Nikasema nitaanzaje, mtu hataki hata kunisikia. Nikasema labda yeye hana. Nikaiweka kwenye kopo la vifungo. Hata mke wangu hakuiona.

Leo zamu yangu ilipofika, Binti wa Mashine alinirudisha benchi mara mbili. Nilikuwa nimesahau kunywa.

Jumatatu, 24 Machi

Ya kumi na nne kwangu, ya tatu kwake. Anasema mgongo umelegea, amelala usiku mzima. Watu wanamuwekea nafasi. Nilitaka kumwambia. Akaanza kisa cha mbuzi aliyepanda lori peke yake, na mimi nikacheka kama wengine.

Jumatano, 26 Machi

Amemaliza zake tano. Akawaaga wote kwa mkono, mmoja mmoja. Kwangu akasema, "Wewe si bado ni fundi? Suruali zinaniaibisha. Nitakuja kwako."

Mwanawe, yule kijana aliyemshika, ndiye anayeishi naye. Nilimwacha akiwa na miaka thelathini, sasa ana arobaini na mmoja. Akaniambia, "Shikamoo, baba mkubwa," na akainamisha macho kama kwamba kosa lilikuwa lake.

Ijumaa, 28 Machi

Amekuja dukani na suruali ya kijivu, nzuri, kitambaa kizito. Nimeipunguza inchi mbili kila upande. Alinitazama nikikunja kitambaa cha ziada ndani ya mshono.

"Mbona hukati?"

"Fundi akishakata hawezi kurudisha. Nimekuachia akiba. Ukinenepa nitafungua."

"Nikinenepa," akasema. Akacheka mpaka akashika meza.

Mke wangu alimletea chai, wakaongea kama watu waliopishana jana. "Shemeji, huyu mume wako bado bubu?" "Bado, shemeji. Ila siku hizi anaandika." Nikaona aibu kama mtu aliyefumaniwa.

Jumapili, 30 Machi

Mwanangu. Nimesema nimechoka na kazi. Hata mafua yana mwisho.

Ijumaa, 4 Aprili

Ya ishirini na tatu. Kuharisha kumeanza, na damu kidogo. Daktari anasema itapita, nile vyepesi. Barabara ya hospitali imekuwa tope tupu.

Mdogo wangu amerudi dukani na suruali ileile. Imepwaya tena. Nimeingiza inchi moja nyingine, akiba ndani imekuwa nene. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akitazama mvua, akauliza bila kunigeukia, "Hivi mzee alisemaje, mwisho?"

Nikamwambia. Kwamba alinishika shati, kwamba aliogopa atapinduka.

Nikamaliza mshono mzima. Kisha akasema, "Ningeendesha polepole."

"Mimi nilitii tu."

"Najua. Nakwambia tu. Ningeendesha polepole."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema lile la pili. Nilifungua mdomo, nikaweka pini.

Jumanne, 8 Aprili

Ya ishirini na tano. Mwalimu amemaliza zake. Alituachia gazeti na cheo, sasa mimi ndiye ninayetangaza, "Wa nne, kunywa." Sauti yangu haifiki benchi la pili.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia.

Alikuja mchana, mwanawe akabaki garini. Suruali ya kijivu sasa inashikwa na kamba. Nilimsimamisha mbele ya kioo, nikapiga magoti nyuma yake nikaanza kubana kwa pini. Mgongo wake ulikuwa mbele ya macho yangu. Chini ya shati niliona mifupa, mmoja baada ya mwingine. Nikatema pini zote kiganjani.

Nikasema, "Mdogo wangu, mimi nilijua miaka miwili kabla yako. Daktari alinipa barua nikuletee, ukapime. Sikuleta."

Hakugeuka. Niliona uso wake kwenye kioo, na yeye aliona wangu.

"Iko wapi?"

Nikaenda kwenye kopo, nikamwaga vifungo mezani, nikaitoa. Akasema nimsomee. Nikasoma. Ni mistari sita tu, sijui kwa nini ilikuwa mizito namna ile. Akauliza tarehe. Nikamtajia. Nikamwona akihesabu kwa midomo.

"Mwezi huo ndio nilinunua mto wa kwanza," akasema.

Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia niliogopa utanifukuza mlangoni. Lilipotoka nikasikia lilivyo dogo, sababu ya mtoto.

"Ningekufukuza," akasema. "Barua ningebaki nayo."

Halafu akasema jambo lingine, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuchekesha benchi. "Na wewe unadhani sijui tano ni nini? Nimeendesha lori miaka thelathini. Najua gari linaloandikiwa matengenezo, na gari linaloandikiwa kufikishwa nyumbani tu." Siku zote zile alikuwa akijua. Ile pole aliyonipa benchini alinipa ili watu wasimpe yeye.

Nikanyoosha mkono kumpa barua. Hakuipokea. Akatoka kwenye mvua na suruali ina pini kiunoni, nami nimesimama mlangoni nafikiria zitamchoma akikaa.

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia. Amesikia yote. Alisema tu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaingia jikoni. Wahenga walimsema anayeficha maradhi yake. Mimi nilificha ya mwenzangu.

Jumapili, 13 Aprili

Mwanangu. "Baba, ni nini hasa?" Nikasema mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Ya thelathini. Hajaja.

Ijumaa, 18 Aprili

Ya thelathini na tatu. Hajaja. Nimefika mpaka mtaa wao, nikasimama ng'ambo nikiwa na mwavuli. Gari lilikuwepo. Nikarudi.

Jumapili, 20 Aprili

Simu imelia, nimemwachia mama yake.

Jumanne, 22 Aprili

Nimetoka kwenye mionzi ya thelathini na tano, nikamkuta mwanawe kwenye lango la hospitali, amelowa.

"Baba mkubwa, baba amenituma nikuite. Amesema nikuite mapema. Amesema nisikimbize gari, ila nikuite mapema."

Sikuweza kufunga mkanda wa kiti, alinifungia yeye. Tulikwenda polepole, vifuta maji vinakwenda na kurudi. Nilikuwa nalia, na sikujificha.

Alikuwa kitandani, amelazwa ubavu. Suruali ya kijivu ilikuwa kwenye kiti. Nikakaa chini, nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi na mkavu.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Pini zako zilinichoma."

"Nisamehe."

"Za pini nimesamehe."

Nikangoja. Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ile nyingine sina nguvu nayo. Wewe mwambie mwanangu. Na wako mwambie. Kwa mdomo, kaka. Si kwa barua."

Nikamwahidi.

Jumatano, 23 Aprili

Amefariki asubuhi, saa moja na robo. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Alinipa kile nilichomnyima.

Ijumaa, 25 Aprili

Jana tumezika. Mvua ilitusubiri tumalize.

Leo ya thelathini na sita. Nilipolala chali machozi yalianza yenyewe, yakaingia masikioni. Binti wa Mashine alisema kwenye kipaza sauti, "Baba, tusimame kwanza?" Nikasema endelea. Mashine ilizunguka mzunguko wake wote. Nimelia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na sikutikisika.

Jumapili, 27 Aprili

Mwanangu alikwishaambiwa msiba na mama yake. Hakupata ruhusa ya kuja. Akaniuliza, "Baba mdogo alikuwa anaumwa nini hasa?"

Nikasema mgongo.

Mke wangu alinyanyuka akatoka sebuleni. Nilibaki na simu mkononi hata baada ya kukatika. Siku tano tu tangu niahidi.

Jumatatu, 28 Aprili

Ya thelathini na saba. Wamenipigia makofi. Binti wa Mashine akasema nukta zangu nibaki nazo kama kumbukumbu. Daktari anasema tutapima damu baada ya miezi mitatu, lakini anatarajia mema. Nimesema asante. Nilikuwa nafikiria nambari tano.

Ijumaa, 2 Mei

Mwana wa mdogo wangu amekuja na suruali ya kijivu. Anaomba nimrekebishie aivae. Pini zilikuwa bado kiunoni, vilevile nilivyozipanga.

"Siku ile alirudi nazo akakaa nazo mpaka jioni," akasema. "Nikitaka kuzitoa ananikataza."

Nikazitoa moja moja. Nikafumua mshono wa kwanza, nikafumua wa pili. Akiba yote ikatoka, haikupungua hata uzi. Kitambaa cha ndani kilikuwa bado cheusi kuliko cha nje, hakijapigwa na jua, kwa hiyo pande zote mbili umebaki mstari unaoonyesha kiuno cha baba yake kilipofika. Nilimwambia hautatoka. Akasema ndivyo anavyotaka.

Nilimsimamisha mbele ya kioo. Imemkaa kama amezaliwa nayo. Safari hii sikuweka pini mdomoni. Nikamwambia yote, ya babu yake, ya baba yake, yangu, ya kopo la vifungo. Nikamwambia una arobaini na mmoja, nenda kapime wiki hii.

Alinitazama kwenye kioo. Ana macho ya baba yake yasipocheka.

"Kama ungemwambia, angepona?"

"Sijui. Huenda angepewa thelathini na saba."

Akavua suruali, akaikunja mwenyewe, taratibu. Mlangoni akasimama. Nilijua mlango ule, nilishaona mtu akisimama hivyo miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Nitapima Jumatatu," akasema. "Sijui kama nitakupigia simu kukwambia majibu, baba mkubwa."

Nikasema ni haki yake. Nitangoja.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imekatika. Mke wangu ameanika magodoro.

Simu ililia saa nne, kama kawaida. Niliitoa kwenye mkono wa mke wangu kabla hajasalimia.

"Uko juu ya nguzo?" nikamuuliza.

Akacheka. "Baba, leo Jumapili. Niko chini."

"Umekaa?"

"Nimesimama. Kwani kuna nini?"

"Kaa," nikasema. "Nikishamaliza, usikimbilie kuja. Njoo polepole. Lakini kwanza kaa, nikwambie."

Nikasikia kiti kikivutwa.